Pawaso Kwenye Mizani ya Samaki

Ukitaka kunitia hasira asubuhi na mapema, kabla sijanywa chai, nitajie uzito wa pawaso bila baa na bila cheni. Pawaso ndiyo sisi huku tunavyouita ule msumeno wa injini wa kuangushia miti na kupasulia mbao. Wanaoiuza huandika uzito wa mashine tupu: bila ule ulimi mrefu wa chuma unaoitwa baa, bila cheni yenye meno inayouzunguka, bila petroli, bila oili. Sasa niambie, nani alishawahi kukata mti na mashine ya namna hiyo? Ni sawa na mtu akutajie uzito wa samaki mbuta aliyekwisha kutolewa kichwa, mkia na matumbo, halafu akutwike mbuta mzima. Lakini wakati ninaousimulia hapa mambo hayo sikuyajua. Niliamini karatasi, kama mjinga mwingine yeyote.

Mimi ni mtoto wa Kaloleni, Kisumu, katika zile nyumba za zamani za baraza la mji, tulikolelewa kwa Kiswahili, pilau ya sikukuu na ugomvi wa kugombania bomba la maji. Nikaja kuolewa Usenge, kando ya ziwa, na fundi wa boti. Dada zangu walisema nitarudi kabla harufu ya omena, hawa dagaa wa ziwani, haijaniingia kwenye nguo. Sikurudi, na harufu iliingia. Watu wa Usenge walinipokea vizuri, ila Kiswahili changu kiliwachekesha sana. Walisema naongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Mama mkwe wangu aliniita nyar Kaloleni, yaani binti wa Kaloleni, maana huku mke huitwa kwa kwao, na jina hilo likaganda. Leo hata muuza mboga hanijui kwa jingine.

Mume wangu hupasua mbao zake mwenyewe. Wako mafundi wanaonunua mbao zilizopasuliwa kiwandani, lakini yeye huwaonea huruma, husema boti ya mbao za kununua ni mtoto wa kuokota. Gogo hulazwa chini, tunapiga mstari kwa uzi uliopakwa unga mweusi wa betri kuukuu, yeye ameshika ncha moja na mimi nyingine, kisha pawaso inaingia kwenye mstari na kutembea kutoka kichwani hadi miguuni mwa gogo, kwa mkono mtupu, bila reli wala meza. Kazi yangu mimi ilikuwa uzi, na jioni kuinoa cheni kwa tupa, jino baada ya jino, huku nikisikiliza habari. Kunoa nilikuwa najua. Kukata, hapana, wala hakuna aliyewahi kufikiri kuniuliza.

Pawaso yetu ya zamani tuliiita Ndume. Injini yake ilikuwa ya cc sabini na kitu, imepauka rangi yote, na ikiwaka kuku wa jirani walihama. Hakuna aliyewahi kuipima. Mume wangu aliitupa begani akaenda nayo huku akipiga mluzi, na mimi nikiangalia kwa nyuma na kujisifu moyoni kwamba yule ni wangu. Ng'ombe haelemewi na nunduye.

Basi siku moja wanaume walikuwa wanaigeuza boti ili wapake rangi upande wa chini. Mmoja akateleza kwenye tope, uzito wote ukamwangukia mume wangu mgongoni. Hakupiga hata kelele. Alisimama pale ameinama, akasema polepole kwamba hawezi kunyooka. Kisumu tukakaa hospitali hadi nikawajua wauguzi wote na waume zao. Daktari alikuwa mwanamke mpole, akatueleza vizuri: mgongo utapona, kutembea atatembea, kupigilia misumari atapigilia, lakini asiinue kitu kinachozidi kilo tano. Akiinua, safari ijayo haitakuwa mgongo, itakuwa miguu. Alisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Dholuo akimtazama machoni, asije akasingizia kwamba hakuelewa.

Tukarudi nyumbani, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Fundi wa boti asiyeweza kushika pawaso afanye nini? Gogo la mvule la mteja lilikuwa limelala kiwanjani kwetu, majani yameota kulizunguka, na mteja anapita kila asubuhi kusalimu kwa adabu bila kuliangalia. Mume wangu akawa anakaa mlangoni. Nikimpa chai anashukuru, nikimpa maji anashukuru, jamani, nilichoka kushukuriwa. Mtu aliyekuwa akinikemea kwa sauti ya kuvuka ziwa kwa sababu nimelegeza uzi, sasa ananiambia asante kwa kijiko. Nilimwona ananitoka huku amekaa.

Halafu asubuhi moja nikaingia chumbani nikamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, ameivuta Ndume hadi katikati ya chumba, mkono uko kwenye mpini, anajipanga kuinuka nayo. Sitarudia niliyosema. Majirani walikuja, na mmoja alikuja na jiko la mchina mkononi kwa kusahau kuliweka chini. Mume wangu alinisikiliza hadi nikamaliza, akaniambia anachotaka ni kuipasua mvule ile, basi, na kama haiwezekani tumwambie mwenyewe aichukue ampelekee fundi mwingine. Nikaona afadhali miguu ivunjike yangu. Nikamwambia anipe muda mdogo tu, mimi nitamtafutia pawaso isiyozidi kilo tano, hata kama iko chini ya ziwa.

Nikaenda Kisumu, nikafikia kwa dada yangu Kaloleni, na kulipokucha nikaanza kuzunguka maduka ya vifaa. Nilikuwa nimedhani pawaso ni pawaso. Kumbe kuna za kupogolea maua, kuna za misitu mikubwa, na katikati kuna zile za kadiri, na hizo za kadiri ndizo zinazompasua mtu kichwa, kwa sababu zote zinafanana na kila moja ina ubaya wake. Kijana wa duka la mwisho alikuwa na subira, Mungu ampe mke mwema. Akanipangia tatu juu ya kaunta. Ya cc arobaini na tano, ya hamsini, na ya sitini. Nikaziinua moja moja pale dukani, mteja mmoja akanipisha kana kwamba nitaiwasha.

Ile ndogo ilikuwa na uzito karibu sawa na ya hamsini, lakini nguvu zake zilikuwa kilowati mbili na kidogo, na kijana mwenyewe alikiri kwamba kwa mvule itakuwa ni kuchokoa meno. Ya sitini ilikuwa na kilowati tatu na nusu, nguvu ya kweli, lakini kilo sita kasoro. Ya hamsini iko katikati: kilowati karibu tatu, na karatasi inasema kilo nne nukta tisa. Nikapiga hesabu kwenye simu, nguvu gawanya kwa kilo. Ile ndogo ikaachwa nyuma, ya hamsini na ya sitini zikakaribiana sana, lakini ya hamsini ndiyo pekee yenye nguvu za maana iliyopita kwenye mlango wa daktari. Nne nukta tisa. Nilimwambia kijana airudie namba hiyo, nikafurahi kama mtu aliyepata visa. Nikaichukua. Dada yangu akauliza kama nimemaliza kuolewa sasa nataka kuwa mwanamume, nikamwambia atulie anipakulie wali.

Nilipofika Usenge nikamkuta shemeji, mdogo wake mume wangu, anayeishi Port Victoria na kupasua mbao huko. Alikuwa amesikia habari akaja na pawaso yake kumsaidia kaka. Ilikuwa ya cc sitini, nyekundu, imefutwa inang'aa. Shemeji yangu ni mtu mwema, lakini debe tupu haliachi kuvika. Aliitazama yangu akaniuliza kama kachumbari ya Kaloleni siku hizi inakatwa kwa mashine. Kisha akaanza kumweleza kaka yake kwamba nguvu ndiyo kila kitu, kwamba pawaso yenye nguvu inajikatia yenyewe na mtu hata hausikii uzito, kwamba hamsini ikiingia kwenye mvule itakohoa ife. Nikamjibu kwamba mgongo wa kaka yake hausomi cc, unasoma kilo. Akasema kilo moja ni nini, ni samaki mmoja. Nikamuuliza samaki huyo ataubebesha mgongo wa nani. Tukafika pabaya kidogo. Mume wangu, macho yakiwa kwenye ile nyekundu, akasema maneno yasiwe mengi, zipelekwe zikapimwe.

Ufuoni kwetu iko mizani ya kuning'iniza, yenye kulabu chini na uso wa duara kama saa, na mbuta wote hupita hapo kabla ya kwenda kwenye barafu. Kila asubuhi watu hugombana chini ya mizani hiyo. Wavuvi husema inameza kilo, wanawake wa samaki husema inameza, tajiri mwenyewe anayenunua huapa kwa jina la mama yake kwamba haimezi. Asubuhi ileile mzee mmoja alikuwa ameondoa samaki wake kwenye kulabu akatishia kuwarudisha ziwani. Sisi tulifika mchana, jua kali, kazi imepungua, na kila mtu anatafuta cha kutazama. Pawaso zikajazwa petroli na oili, kila moja na baa yake na cheni yake, maana mume wangu alisema hapimi mashine uchi. Watu wakazunguka.

Ya shemeji ikaning'inizwa kwanza. Mshale ukaenda hadi sita na ukapita kidogo. Shemeji akanyamaza, na hilo peke yake lilistahili kupigiwa ngoma. Ikaja yangu. Nilishika leso kwa mikono miwili. Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukarudi, ukasimama juu ya tano kama mtu aliyekanyaga mstari. Tano kamili, na petroli yake ndani.

Wallahi, kelele zilizopigwa siku ile. Nilipiga vigelegele vya Kaloleni hadi mbwa wakakimbia. Vijana wakapiga mabeseni. Shemeji mwenyewe akanipa mkono, akasema nyar Kaloleni umeshinda. Mume wangu akaenda polepole hadi kwenye mizani, akaishusha pawaso kwa mikono yake, akaishika mbele ya kifua, na akacheka. Alikuwa hajacheka tangu hospitali. Akaanza kuwaeleza watu jinsi atakavyoipasua ile mvule, wapi ataanzia, tawi lipi litatoa mbavu za boti, na watu wakawa wanaitikia.

Katikati ya furaha hiyo jirani yangu, mwanamke tunayeanika omena pamoja, akanivuta leso kwa nyuma. Alikuwa hacheki. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nyar Kaloleni, hii si ndiyo mizani yetu ile?"

Ndiyo hiyo. Hakukuwa na nyingine. Watu walewale walioitukana asubuhi kwamba ni mwizi, mchana walikuwa wameiamini kama padri, na mimi wa kwanza, mimi ninayejua kugombana nayo kuliko wote. Ukiona mizani inasema jambo unalolitaka, hukumbuki tena tabia yake. Nikamtazama mume wangu. Nani alinituma niwe wa kuiharibu sura ile? Ningenyamaza, angekata kwa furaha, labda mwezi, labda miwili. Kisha nikaikumbuka ile miguu aliyoisema daktari mara mbili, kwa lugha mbili.

Nikaenda kwenye kibanda cha duka nikachukua pakiti tatu za unga wa ugali, za kilo mbili mbili, nikazitia kwenye kikapu chepesi cha jirani, nikarudi nikakitundika kwenye kulabu. Kilo sita za unga, kila mama pale alijua. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye nne na nusu.

Halafu mtu mmoja akacheka, mwingine akafuata, kisha ufuo mzima ukaangua kicheko, wengine wakikaa chini, kwa sababu kila mmoja alikuwa anahesabu samaki wake wa asubuhi hiyo. Tajiri mwenye mizani akakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupokea mbali sana. Hadi leo mizani mpya iliyoko pale hupimwa kwa unga kila Jumatatu, na pakiti za kupimia hupikwa ugali baadaye, kwa hiyo hakuna aliyepata hasara isipokuwa yule mmoja.

Mume wangu hakucheka. Tano, na moja na nusu iliyomezwa: kilo sita na nusu. Aliiweka pawaso chini taratibu, akakaa juu ya ukingo wa boti kuukuu. Akasema, "Kwa hiyo ya kwangu haipo."

Aliyasema kwa utulivu tu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniwasha. Kama angepiga kitu teke ningenyamaza. Nikawaambia watu wote waliokuwepo kwamba nimechoka na kilo. Nani aliwahi kupima beseni la omena mbichi ninalolitoa majini hadi kwenye nyavu za kuanikia, mara ngapi kwa siku, na mtoto mgongoni miaka ile? Nani alipima mtungi wa maji? Leo kitu cha kilo sita na nusu kimekuwa mlima kwa sababu kina injini. Nikaiokota pawaso yangu.

"Daktari alikukataza wewe," nikamwambia. "Mimi hakunikataza."

Shemeji alidhani ni mchezo. Mume wangu akanitazama kana kwamba ndiyo nimeshuka sasa hivi kutoka Kaloleni. Lakini wazee wawili wa ufuoni wakakunja nyuso, kwa sababu huku kwetu mwanamke haruki boti inayojengwa wala hakai juu yake. Boti mpya hupokewa majini kama bibi harusi, na haitaki mwanamke mwingine aitangulie. Sikuwa nimelisahau. Nilikuwa nimeliheshimu tangu nije, nikizunguka kila boti kwa mbali. Nikasimama na ile mashine mkononi bila kujua niiweke wapi.

Mama mkwe wangu alikuwepo pale tangu mwanzo, amekaa kwenye kiti cha plastiki akichambua omena zake, na watu wote wakamgeukia, kwa sababu baba yake na mume wake wote walikuwa mafundi na hakuna ayajuaye mambo hayo kumshinda. Hakuinua kichwa upesi. Alimalizia konzi aliyokuwa nayo.

"Boti ina mwiko," akasema. "Gogo bado ni mti. Mwacheni akate."

Kisha akaongeza kwamba mbao zikishapigiliwa kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, nyar Kaloleni asionekane karibu, la sivyo atamfukuza yeye mwenyewe kwa fimbo. Nikakubali mbele ya mashahidi.

Tukaenda kiwanjani kwetu na nusu ya ufuo ikatufuata. Mume wangu aliuchukua uzi, akaupaka unga wa betri, akanipa ncha moja kwa mazoea, kisha akakumbuka, akamwita mama yake aishike. Mstari ukapigwa. Nikakanyaga mpini wa nyuma kwa mguu, nikavuta kamba. Mara ya kwanza ilikataa, ikaleta kicheko. Nikavuta tena ikawaka.

Nisidanganye, mkato wangu wa kwanza ulikuwa aibu. Nilishika kwa nguvu kama mtu anayemkaba mwizi, nikaisukuma, injini ikanguruma kisha ikazama, cheni ikasimama ndani ya mti. Nikaisukuma zaidi. Mstari ulikuwa unaenda kulia, mimi nikaenda kushoto. Shemeji akawa ameinama kwa kicheko. Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti niliyokuwa nimeisahau, kubwa, ya kuvuka ziwa, ikiuliza kwani hayo ni macho au ni vifungo. Mume wangu alikuwa amesimama wima. Akanizima injini mwenyewe kwa kidole.

"Usiisukume," akasema. "Hamsini haina nguvu za kusukumwa. Iache ikate yenyewe, wewe iongoze tu."

Akapiga magoti, akaikagua cheni, akasema imetoka dukani na pembe ya kukatia kuni, mvule inayopasuliwa kwa urefu inataka pembe nyingine, karibu wima. Nikaleta tupa. Akanionyesha jino moja, nikafanya yaliyobaki huku akinisimamia na kunikemea kila la tatu. Moyo wangu ulikuwa umejaa hadi nikaogopa kulia juu ya cheni. Nilikuwa na furaha, nasema wazi, furaha ya mtu anayetukanwa na anayempenda.

Tuliporudi kwenye gogo, shemeji akawasha ile nyekundu akaanza mstari wa upande wa pili, ili dunia ione. Na nisimnyime haki yake: ile sitini ina nguvu. Iliingia mvule kama kisu kwenye papai, vumbi la mbao likiruka la manjano, akafika katikati mimi bado niko mabegani. Lakini kupasua ubao si kuchinja kuku, ni kazi ya kutwa nzima, na uzito wote umening'inia mbele ya mikono. Alipumzika, akaanza tena, akapumzika kwa muda mrefu zaidi. Yangu ilikula kidogo kidogo bila kukohoa, mume wangu akitembea kando yangu hatua kwa hatua, ananiambia inua kisigino cha baa, shusha, punguza moto wa injini, sasa ongeza. Sikumshinda shemeji. Alimaliza kabla yangu. Ila alipomaliza alikaa chini akanyoosha vidole vilivyokataa kufunguka, na mimi nilipofika mwisho, ubao ukaachana na gogo na kulala upande, nikauliza mstari unaofuata uko wapi.

Ubao wangu ulikuwa na tumbo mahali pamoja, ambapo nilikuwa nimekwenda kushoto. Mume wangu akaupapasa kwa kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, akapafikia pale, akatikisa kichwa, akasema hapo patafichwa chini ya kiti cha nahodha.

Boti ile ikajengwa. Yeye alipima, alichora, alichagua mbavu kutoka kwenye matawi yaliyojipinda, akapigilia kwa nyundo ndogo. Vijana walibeba. Mimi nilipasua, na siku mkuku ulipolazwa nikahamia upande wa pili wa ua, mama mkwe akinilinda kama polisi wa forodha. Shemeji alibaki nasi hadi mbao zikatosha, na kabla ya kurudi Port Victoria aliomba ajaribu ya hamsini kidogo, kwa siri, nyuma ya nyumba, kana kwamba injini haisikiki. Alirudi akasema si mbaya kwa wanawake na wazee. Tukamfungia omena za njiani. Boti ikashushwa majini kwa nyimbo, na sisi wawili tukasimama mbali tukiwatazama mahodari wa kushindilia pamba kwenye nyufa wakikagua sakafu yake, tukisubiri waite kwamba inavuja. Hawakuita.

Wiki chache baadaye tulikuwa nyumbani mchana, mimi nanoa, yeye amekaa kwenye mkeka anachora mchoro kwa kijiti mavumbini. Mtu akabisha hodi langoni. Alikuwa mgeni, ametoka Port Victoria, kofia mkononi, vumbi la safari usoni. Alikuwa ameiona boti majini, akaulizia hadi akafika.

Akauliza, "Fundi yupo?"

"Nipo," tukajibu sote wawili.

Mgeni akamtazama mume wangu, akanitazama mimi na tupa yangu. Nikafunika mdomo kwa leso. Nilingoja mume wangu arekebishe, maana ilikuwa haki yake, ni jina alilolifanyia kazi maisha yake yote na miezi ile niliona jinsi lilivyokuwa linamponyoka. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Karibu," akamwambia mgeni. "Wote wawili tupo. Ya boti tutazungumza mimi na wewe. Ya mbao, muulize huyo, mimi sizigusi."

Nikaiweka cheni chini, nikavuta kiti nikakaa.